Frigeti Niliyoijenga Uchochoroni

Vijana, mimi shule niliishia darasa la tano, na hilo la tano nililimaliza kwa sababu mwalimu wa michezo hakutaka kumpoteza golikipa. Lakini ingieni hoteli yoyote yenye heshima yake pwani ya mashariki, mkikuta chombo cha mbao kimesimama ndani ya kioo kama kinachongoja mgeuke upande wa pili ndipo kiende zake, ulizeni nani kakijenga. Mtaambiwa Fundi Vuai. Kusema kitu kilivyo si kujisifu, na hata kama ni kujisifu, nimejisifu kwa haki. Karakana sikuirithi, sikuioa, wala hakuna mfadhili aliyenipa. Nilianza kwa kupiga msasa makasha ya watu katika duka moja la Mji Mkongwe, nikamaliza nina mafundi wanaoniita bosi mbele yangu, na wanavyoniita nyuma sijauliza.

Nimestaafu sijafika sitini. Mikono bado ipo, macho ndiyo yaliyotangulia. Sindano naziona mbili, tundu silioni hata moja. Kazi ya vyombo vidogo ndivyo inavyokulipa, kwa hiyo nyinyi mnaokata nyuzi chini ya taa ya simu endeleeni tu, tutakutana kwa daktari wa macho.

Mmeniomba niwaandikie ile frigeti ya Kiwengwa ilijengwaje, maana barazani kila mtu ana yake, na wengine wanasema nilisaidiwa. Nilisaidiwa, ndiyo. Nitasema na nani.

Kwanza muijue frigeti, kwa sababu nimewasikia mkiwaambia wageni ni jahazi la Kizungu. Si jahazi. Frigeti ni manowari ya matanga ya zaidi ya miaka mia mbili nyuma, milingoti mitatu, na safu moja ndefu ya mizinga kila ubavu. Haikuwa kubwa kuliko zote. Zile kubwa zilikuwa na mizinga ghorofa juu ya ghorofa, zikitembea polepole kama mke wa waziri anapoingia harusini. Frigeti ilikuwa ya mbio. Ilitumwa mbele kuchungulia, kupeleka habari, kuwinda vyombo vya biashara vya adui na kuvilinda vya kwao. Na waliozijenga kwa uzuri wa kupita kiasi ni Wafaransa. Hili silisemi kwa kuwa Mfaransa alinipa kazi. Waingereza wenyewe, waliokuwa wakipigana nao kutwa kucha, wakiiteka frigeti ya Kifaransa hawakuichoma moto. Waliivuta mpaka gatini kwao, wakaipima ubao kwa ubao, kisha wakakaa wakaiga. Adui akiiga kazi yako, vijana, hiyo ndiyo shahada. Mimi ninayo moja kama hiyo kutoka kwa yule jirani yetu wa duka la pili, lakini hayo tuyaache.

Aliyeniletea habari hizi ni mzee mmoja Mfaransa, Musyu Bertran, mwenye hoteli ndogo Kiwengwa. Ujanani alikuwa baharia katika jeshi la majini la kwao, wa chini huko, fundi wa mitambo. Kiswahili alijifunza sokoni, kwa hiyo kila jambo alilisema kama anayepunguziwa bei. Aliingia karakanani na binti yake Elodi, ambaye ndiye aliyeiendesha hoteli. Walikuwa wanajenga ukumbi mpya, na mzee alitaka katikati yake isimame frigeti, ndefu kuliko mimi nikilala. Binti alitaka waiagize kisiwani Morisi. Huko zipo karakana zilizotajika kwa kazi hii, kazi yao safi, na picha zao anazo kwenye simu. Mzee akawa hataki. Alitaka meli yake izaliwe hapa.

Elodi akaniambia wazi, bila ya ukali, kwamba kama kazi itapotoka ataagiza Morisi, na ukumbi utafunguliwa kabla ya msimu wa wageni, meli iwe yangu au ya wengine.

Mimi nikajibu kwamba Morisi watakuja kujifunza hapa.

Nililisema kwa sauti, na mlango wa karakana ulikuwa wazi, na nje pana baraza la kahawa. Mnalijua baraza lile. Kabla ya alasiri mtaa wetu wote wa Malindi ulikuwa na habari, na muuza kahawa alikuwa ameshaanza kunisalimia kama mkuu wa manowari, "Shikamoo Admeri". Hapo ndipo nilipojifunga. Nikiikosa ile kazi, nimekosa na uso wa kupita uchochoroni, na nimekosa mlango wa kazi kubwa ambao ulikuwa haujawahi kunifungukia. Maana mpaka siku ile, jina langu na ukubwa wangu wote, nilikuwa mtu wa vijahazi vya kuweka juu ya friji.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, kwa sababu ni kosa ambalo fundi wa Morisi hawezi kulifanya. Ni letu sisi.

Mimi kazi nilifundishwa na Ami Faki, mdogo wake baba, mjenzi wa majahazi kule kaskazini. Ami Faki hajapata kushika karatasi ila ya sigara. Alilaza mkuku, ule uti wa chini wa chombo, akasimamisha miti ya mbele na nyuma, kisha akaanza kuvalisha mbao, moja juu ya mwenzake, akirudi nyuma hatua mbili, akifumba jicho moja, akisema "bado, uvute". Mpaka ubavu mzima umesimama mtupu, kama ganda. Hapo ndipo alipochonga mataruma, zile mbavu za ndani, na kuyaingiza yafuate umbo ambalo mbao zimeshalikubali. Ubao huamua, taruma hutii. Hivyo ndivyo kinavyojengwa chombo pwani hii, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijenga vijahazi vyangu, na vilikuwa vizuri.

Musyu Bertran aliniachia michoro ya frigeti, karatasi kubwa kama shuka, imejaa mistari. Nikaitazama, nikaona ubavu wa meli, hilo nimeelewa. Ile mistari mingine iliyopandana kama maganda ya kitunguu sikuielewa, nikasema ni mapambo. Nikaitandika michoro chini ya kopo la gundi, nikaanza kazi kwa jicho.

Nilijenga mwili wote. Ulikuwa mzuri, wallahi. Kifua kimejaa, ubavu umefunguka kwenda juu kama bakuli. Musyu Bertran alipokuja kuutazama aliuzunguka, akaupapasa, akauzunguka tena.

"Fundi," akasema, "chombo kizuri sana. Hiki kitabeba boriti nyingi, hakitalalamika. Lakini hakitamfukuza mtu."

Elodi alikuwa amekuja naye. Alitoa simu kwenye mkoba, na mimi nilijua anatazama nini.

Mzee akamshika mkono, akaniambia niende Kiwengwa kesho yake, siku za bamvua zile, maji yakitoka. Elodi akasema haya, kesho, kisha ataamua.

Nilifika nikakuta bahari imetoka mpaka kule mwambani, mchanga mtupu na vijiti vya mwani, na kinamama wa mwani wameinama katika mashamba yao. Musyu Bertran alikuwa na kijiti na bunda la kamba ya usumba, ya makumbi ya nazi. Akanipa ncha nisimame nayo, akaondoka na bunda. Akaenda, akaenda, mpaka nikadhani amekwenda kujisaidia. Aliposimama alikuwa mdogo kama kidole gumba. Akanipungia mkono. Nilipo mimi ndio nyuma ya meli, alipo yeye ndio mbele.

Alinieleza baadaye kwamba katika viwanda vya mfalme wao mlikuwa na ukumbi usio na kitu ndani yake ila sakafu. Juu ya sakafu ile waliichora meli kwa ukubwa wake wenyewe, kila ubavu, kabla ya shoka kuugusa mti. Yeye ukumbi hana, pwani anayo.

Tukailaza kamba kufuata umbo la sitaha, tukachora miduara mitatu ya milingoti. Alipofika mduara wa kati alinionyesha minazi ya hotelini kwake. Akasema weka mnazi mmoja juu ya mwenziwe, na bado uongeze kidogo, na kule juu kabisa walipanda vijana peku, upepo wa tufani, usiku, kwenda kukunja matanga. Nikatazama juu mahali pasipo na kitu, na shingo ikaniuma.

Nikamuuliza mti wa namna hiyo unatoka wapi. Akasema frigeti moja ilikula msitu. Na hawakutafuta miti iliyonyooka tu, walitafuta iliyopinda yenyewe, tawi lenye kiwiko liwe taruma lenye kiwiko, ili nguvu ya mti isikatwe. Waziri mmoja wa mfalme aliamuru ipandwe misitu ya mialoni kwa ajili ya manowari zijazo, na mwaloni haufai kukatwa mpaka vizazi vipite. Mtu anapanda mbegu ya meli ambayo hata mjukuu wake hataiona. Mingine ya misitu ile iko mpaka leo, imesimama, kwa sababu meli za chuma zilikuja kabla miti haijakomaa. Mimi kwetu nimemwona mtu akikata mwembe kwa sababu unamwagia majani uani. Nilikaa chini mchangani.

Kinamama wa mwani wakaja kututazama. Mmoja wao, kajifunga kanga ya njano, akauliza tunachimba kaburi la nani kubwa hivi. Musyu Bertran akawaeleza, kisha akawaomba wasimame penye mizinga. Mzinga mmoja ulitaka watu kama kumi. Kinamama wote waliokuwa pwani ile hawakutosha mizinga mitatu ya upande mmoja, na sehemu kubwa ya meli bado tupu. Ilichukua watu mia tatu, akasema, miezi na miezi, wakilala kwenye vitanda vya kuning'inia, bega kwa bega. Yule wa kanga ya njano akataka kujua walipikiwa nini. Akaambiwa biskuti ngumu kama tofali, na dudu ndani yake.

"Basi turudini kwenye mwani wetu," akawaambia wenziwe. "Vita gani havina wali?"

Wakaondoka wakicheka. Mzee akanisimamisha ubavuni na kunionyesha jambo nililolikosa. Ubavu wa frigeti huvimba majini, halafu ukipanda juu hurudi ndani, kama mabega ya mtungi. Sababu yake ni mizinga. Ni mizito, iko juu, na ubavu ukifunguka kama bakuli uzito wote unakaa ukingoni, meli inapinduka. Ukirudi ndani, uzito nao unarudi katikati. Ile mistari niliyoiita mapambo ndiyo ilikuwa mabega yenyewe, yamekatwa kipande kipande tangu mbele mpaka nyuma, kama unavyokata mkate.

Tulikuwa bado tunazungumza maji yakaanza kurudi. Mnayajua maji ya Kiwengwa, hayaji kwa wimbi, huja kwa kutandaa. Yakaingia mbele ya meli, yakapita mlingoti wa kwanza, yakafika magotini petu. Na usumba hauzami. Kamba ikainuka juu ya mchanga, umbo zima likaelea, likaanza kuyumba taratibu, upana wake wote na urefu wake wote, nasi tumo ndani. Mimi nimezaliwa na bahari mlangoni. Nimeona meli za utalii kama majumba, zenye taa na muziki. Siku ile, ndani ya kamba ya kufungia mwani, nilihisi kitu kikubwa kimepumua chini ya miguu yangu. Sikusema neno. Mimi, Vuai, sikusema neno, na Elodi aliyekuwa anatutazama kutoka ufukweni aliniambia baadaye kwamba ndipo alipoamua kunipa nafasi ya pili.

Nikaanza upya. Mwili ule wa kwanza nikautia mlingoti mmoja na tanga moja, Mtaliana mmoja akaununua kwa furaha. Kisha nikampigia simu Ami Faki, nikamwambia Wafaransa husimamisha mataruma kwanza, yote, ndipo wavalishe mbao. Nikasikia akiweka shoka chini.

"Mifupa kwanza, nyama baadaye," akasema. "Basi wameiga kwa Muumba. Fuata hivyo hivyo."

Nikafuata. Kila mstari wa kitunguu nikauchonga uwe taruma katika kibao chake, nikaupanga juu ya mkuku, mpaka ikasimama meza nzima ya mbavu tupu. Kwa mbao za nje tumieni mfenesi, haupasuki ukipinda. Chemsheni ubao mpaka uwe kama muwa uliotafunwa, uvalisheni ungali moto, ubaneni, na msiuguse mpaka kesho. Mimi niliuchemsha katika sufuria la pilau la mke wangu. Siwashauri. Pilau lilinuka gundi mpaka Idi ya pili.

Elodi alipokuja aliupitisha mkono ubavuni, ukavimba nao, ukarudi ndani nao. Akaitia simu mkobani. Akasema sasa anataka kuona kamba.

Kamba za frigeti, vijana, nani atazihesabu. Zipo zinazosimama, za kushikilia milingoti, na zipo zinazokwenda, za kuvutia matanga, na kila moja ina mahali inapotoka na mahali inapofungwa. Vidole vyangu vimezoea patasi. Nilifunga wiki nzima, na kilichotoka kilifanana na wavu wa jarife uliopitiwa na papa. Muuza kahawa alichungulia dirishani akasema Admeri kavua.

Mke wangu ndiye aliyemtaja mama yake. Bi Mwanaidi wa Chukwani, mshonaji wa kofia za viua, zile za matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, ambazo bwana harusi huvaa akawa anaogopa kuinamisha kichwa. Mimi na mkwe wangu tulikuwa watu wa heshima. Namwamkia kwa mbali, macho chini, napewa sahani yangu chumba kingine. Sasa nikae naye mkeka mmoja aniongoze kazi? Lakini kati ya haya na Morisi, nikachagua haya. Nikaipakia meli, nikaipeleka Chukwani.

Akaitazama kwa muda mrefu juu ya miwani yake.

"Hii ni kofia," akasema. "Ila imekataa kichwa."

Na ana namna yake ya kazi. Hafungi uzi asioujua. Uzi akiushika mkononi huuliza, huu unashika nini? Mimi kwa kuwa mambo mengi nilikuwa nayajibu kwa sauti badala ya elimu, nikapewa siku mbili tu, akaomba aletewe mwenye meli. Musyu Bertran akawa anakuja Chukwani, anavua viatu, anakaa ukingoni mwa mkeka. Huu unashika nini? Huu unazuia mlingoti usianguke nyuma. Na huu? Huu unavuta pembe ya tanga. Basi anautia nta ya nyuki usitoe manyoya, anaufunga, na haufunguki mpaka Kiyama. Nyuzi nyeusi alizichemsha na majani ya chai na kutu ya misumari. Dukani hampati rangi ile.

Katika kufunga, mzee alihadithia. Kwamba zilipokuwa frigeti zao ni bora kuliko za yeyote, watu wa kwao walimwinukia mfalme. Manahodha wengi walikuwa watoto wa mabwana wakubwa. Wengine wakakimbia nchi, wengine wakakatwa vichwa, na zile meli nzuri zikabaki bandarini bila ya wa kuziongoza, na Mwingereza amekaa nje anangojea.

"Kofia nzuri, kichwa hakipo," akasema Bi Mwanaidi, na uzi haukusimama.

Mzee akaendelea. Katika bahari hii yetu frigeti zao zilikaa Morisi, ilipokuwa bado mali ya Wafaransa. Kutoka pale ziliwinda meli za Kiingereza za njia ya Bara Hindi. Nne tano tu, zikaitia hofu bahari nzima. Nilisisimka, nikaacha kazi nikasikiliza. Bi Mwanaidi akauliza kisiwa kile kilikuwa kinaishi kwa nini. Mzee akasema miwa, na kahawa.

"Nani alikuwa akilima?"

Musyu Bertran alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini.

"Watu walionunuliwa, Bi Mwanaidi. Wengi wa pwani hii. Kilwa. Na hapa."

"Kwa meli hii?"

"Si hii. Hii ya vita. Waliwachukua kwa meli za biashara." Angeweza kuishia hapo, na mimi nilimwomba Mungu aishie hapo. "Lakini zile za biashara zilipita salama kwa sababu hii ilikuwa karibu."

Bi Mwanaidi akaichomeka sindano katika mkeka, akavua miwani, akaikunja. Akasema sasa ameshajua meli yenyewe inashika nini, na mkono wake umeishia hapo. Akainuka kwenda kuswali.

Milingoti miwili imefungwa, wa tatu mtupu, msimu unakuja. Nilimfuata mpaka mlango wa uani, kwa adabu zote, nikamwambia mama, ni mbao tu hii.

"Mbao tu?" akasema. "Mwanangu, mkeo, amenambia wewe kule mchangani ulikosa la kusema. Wewe. Mbao gani zikufunge mdomo?"

Kitu kile ni kizuri mpaka kinatisha, na walikipa kazi ya kulinda uovu. Yote mawili nimeyaona katika umbo moja. Sijui mtu anayatenganishaje.

Nilijaribu kuufunga mlingoti wa tatu mwenyewe. Tuseme tu nilijaribu. Elodi akapiga simu, akasema Morisi wanayo moja tayari, imekwisha, inangoja sanduku. Nikamweleza kilichotokea, maana nilikuwa nimeishiwa na uongo. Kesho yake walikuja wote wawili Chukwani, baba na binti. Nilidhani wamekuja kumbembeleza mkwe wangu. Musyu Bertran hakumbembeleza. Alimwamkia, akakaa mahali pake ukingoni mwa mkeka, akamuuliza anataka iweje.

Bi Mwanaidi alikuwa ameshafikiri.

"Matanga yakunjwe," akasema. "Yote. Isiende mahali. Hivyo nitaimaliza."

Elodi akaeleza, kwa upole, kwamba meli ile imekusudiwa kuwa na matanga yamejaa upepo, ndiyo picha ambayo wageni wataipiga, ndiyo iliyomo katika mchoro wa ukumbi. Akageuka wakajibizana na baba yake kwa Kifaransa. Sikuambulia kitu ila Morisi, na lilitajwa mara nyingi.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi katika Kiswahili ili sote tusikie.

"Meli ikitia nanga hukunja matanga," akasema. "Basi hii imetia nanga. Ni sahihi kabisa, hakuna baharia atakayepinga."

Elodi akaitazama mikono ya Bi Mwanaidi, akautazama mlingoti mtupu, akauliza itakaa imetia nanga mpaka lini.

"Mpaka mimi niseme," akajibu Bi Mwanaidi, akavaa miwani.

Tanga lililokunjwa ni gumu kuliko lililofunguka, hilo mlijue. Ukikata kitambaa kwa ukubwa wake halisi ukakikunja, kinakaa juu ya mti kama mto wa kulalia. Kateni theluthi tu ya kimo, kitambaa chepesi cha pamba, kichovyeni katika maji ya wali mepesi, kikunjeni kingali kibichi. Haya ni ya Bi Mwanaidi, si yangu. Yangu yote mengine.

Kutoka Chukwani ilirudi karakanani kutiwa mizinga na mti wake wa kuchomoza mbele, na siku ya kuitoa mjini tuliibeba juu ya mabega, kwa kuwa mti ule haukupita kwenye gari la hamali. Kila kona tulirudi nyuma, tukainua, tukainamisha. Tulipopita barazani watu walisimama. Hawakushangilia, walisimama tu, na vikombe mkononi, na muuza kahawa aliiondoa meza yake njiani bila ya kuambiwa. Hakuniita Admeri tena. Siku hizi naikosa ile salamu, lakini si lazima ajue.

Ukumbini Kiwengwa tuliisimamisha juu ya meza yake. Musyu Bertran aliizunguka kama alivyouzunguka ule mwili wa kwanza, ila safari hii mikono aliifunga nyuma, hakuthubutu kuigusa. Elodi alikuwa ameshika kioo tayari kukifunika. Bi Mwanaidi akasema angojee. Akafungua pochi, akatoa kitu kidogo kilichofungwa katika kitambaa, akakitundika ubavuni mwa meli, kikashuka mpaka usawa wa maji. Ilikuwa ngazi ya kamba, ameishona kwa uzi wa kofia, vidaraja vyake kama punje za mchele. Hakuniambia kama anaishona. Mzee alifungua mdomo, nadhani kusema kwamba ngazi huwa upande wa pili, kisha akaufunga.

Nikamuuliza, "Nani atashuka, mama?"

"Yeyote aliye ndani," akasema.

Basi nyinyi ndio mnaokwenda sasa kila mwaka kuisafisha. Vumbi la kamba litoeni kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini, msipulize kwa mdomo, mate yanaoza uzi. Mizinga ipakeni nta kidogo. Milingoti msiishike, shikeni meza. Mgeni akiuliza kwa nini haina matanga, mwambieni inayo, ila imetia nanga. Na ile ngazi, hata mtu akikwambieni iko upande usio wake, msiipandishe.